Mguu wa Nguruwe wa Mama Faridi

Zubeda hajawahi kuonja nguruwe tangu azaliwe, na huko Gatumba kote hakuna aliyewatakia nguruwe kifo zaidi kuliko yeye. Mtu wa Buyenzi mjini, mjane wa fundi magari Tajudini, aliachiwa shamba moja tu pale Gatumba, karibu na matete ya mto Rusizi. Maji yalilimeza miaka ya mafuriko. Yalipoondoka akarudi na jembe, akapanda mihogo, na shemeji yake Shakuru akamwambia mbele ya ukoo wote: "Mwaka huu usipovuna, tunaliuza." Bila haya! Yeye mwenyewe hajawahi kung'oa hata jani moja pale.

Mihogo ilipoanza kunenepa, nguruwe pori wakatoka kwenye matete. Usiku mmoja, mistari miwili chini. Zubeda akamwendea jirani yake Valéry, mwenye mbwa na mikuki.

"Baba Orlane, nisaidie. Nyama yote ya kwenu. Mi nataka mihogo yangu tu."

"Na mguu wako, Mama Faridi?"

Maana wawindaji wa kule wana desturi yao: mnyama akiangukia shambani mwa mtu, mguu mmoja ni wa mwenye shamba.

"Astaghfirullah! Mguu wa nguruwe nitaupeleka wapi? Wape mbwa."

Valéry akacheka mpaka akashika kiuno. "Nyinyi Waislamu muko na roho muzuri sana."

Wakaanza. Kila Jumamosi asubuhi Zubeda alikuja na basi kutoka mjini, mbwa wakazunguka shamba, nguruwe akafurushwa katikati ya mihogo akachomwa mkuki. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wanawake walikuja na mabeseni, moshi ukapanda kwa Valéry, na Zubeda akabaki kuhesabu mashimo. Kila nguruwe aliyekufa alikuwa ameshafukua mstari mzima. Na jambo moja lilimkera: walifukua katikati, si ukingoni kwenye matete. Shamba la Valéry, lililopakana na lake, halikuguswa hata shina. Hivi nguruwe nao wanachagua jirani?

Alhamisi moja akaja bila kumwambia mtu. Akaingia katikati ya mihogo, harufu ya pombe ya ndizi ikampiga puani. Chini ya majani palikuwa na lundo la machicha ya pombe, mabichi, yanatoa maji bado. Kando yake palikuwa na ndoo ya buluu yenye jina la gereji ya marehemu mumewe.

Alikaa chini pale pale kwenye tope. Ndoo ile alimpa Valéry kwa mkono wake mwenyewe, mwaka jirani huyo na watoto wake walipofukuzwa na maji wakalala uani kwake Buyenzi miezi mitatu, wakila chungu kimoja naye. Kumbe ndiyo shukrani! Kwenye matete mbwa hawamuwezi nguruwe. Kwenye mihogo ya mjane wanamuweza. Na mjane mwenyewe hataki hata mguu. Basi Valéry akawa anawaalika nguruwe karamu shambani mwa mwenzake. Kweli, fadhila za punda ni mateke.

Zubeda akainuka. Alirudi mjini na ndoo yake.

Jumamosi mbwa walibweka, nguruwe wa nne akaanguka, dume nene. Mabeseni yakapangwa. Valéry alikuwa ananoa kisu Zubeda alipofika na kidumu cha oili chafu kutoka gereji ya mumewe.

"Ngoja, Baba Orlane. Leo mguu wangu naudai."

Watu wakaangua kicheko. "Mama, utakula?"

"Nikila, nisikule, ni wangu. Desturi ni yenu, apana ya kwangu. Nguruwe tatu zilipita, miguu tatu hamukunipa. Na hii ya leo, ya ine. Niambieni, nguruwe iko na miguu ngapi?"

Kicheko kikakatika. Wawindaji wazee wakatazamana, kisha mmoja akatikisa kichwa kukubali. Desturi ni desturi.

"Mama Faridi, mbona unakasirika hivi?" Valéry akasema, sauti imemshuka. "Ni nguruwe ndio wabaya."

Zubeda akaiweka ile ndoo ya buluu juu ya tumbo la dume, machicha yaliyokauka yakiwa bado ndani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: ndoo hiyo wote waliizoea mkononi mwa Valéry. Kisha akafungua kidumu, akamwaga oili nyeusi kuanzia kichwani mpaka mkiani.

"Nyama yote ile!" Valéry akalia. "Mama, nyama yote ile!"

"Na mihogo yangu yote ile?"

Dume likafukiwa pale pale, Valéry mwenyewe akichimba shimo, wanawake wakimtazama wakiwa na mabeseni matupu. Tangu siku hiyo machicha hayakuonekana tena, na nguruwe waliofuata harufu walikwenda inakopikwa pombe, kwa Valéry mwenyewe.

Zubeda alivuna mistari saba iliyobaki, akapanda upya kwa vijiti vyake. Shamba halikuuzwa. Alipompelekea Shakuru gunia moja la mihogo, shemeji akalipima kwa macho, akauliza mingine iko wapi.

"Ilikuliwa na Valéry," Zubeda akamjibu. "Lakini aliipitisha kwanza mu tumbo ya nguruwe."