Baba wa mchumba alinialika kwenye shabaha, nikamwamkia nikiwa na bunduki mkononi

Wakuu, salamu kutoka Sydney.

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa hili: baba wa msichana unayetaka kumuoa akikualika kwenye bunduki, anakualika au anakuonya?

Nasimulia kama ilivyotokea. Hakuna chai humu. Natamani ingekuwepo, ningekuwa na sehemu ya kujifichia.

Kwanza mnijue. Nimemaliza masters hapa, nimepata kazi ya graduate kwenye ofisi ya bima. Kazi yangu ni kupima hatari. Nalipwa kuwaza mabaya yanayoweza kumpata mtu, na kusema kweli hata wasingenilipa ningeendelea kuwaza tu.

Naishi Auburn. Mchumba wangu, nimwite Neema, anaishi na wazazi wake Blacktown. Baba yake ni Mzee Ndunguru, mtu wa Mbinga, nesi wa siku nyingi kwenye hospitali moja ya huku magharibi mwa jiji. Mzee huyu ana mambo mawili anayoyapenda kuliko kula: kupiga shabaha kila Jumamosi, na kuamkiwa.

Hilo la kuamkiwa msilichukulie kirahisi. Watoto wake wamezaliwa hapa, Kiswahili wanasikia ila wanajibu kwa Kiingereza. Shikamoo, hata hivyo, lazima itoke kwa Kiswahili, ukiwa umesimama, unamtazama. Hutoi, hupati hata maji ya kunywa.

Kabla yangu kulikuwa na jamaa mmoja, engineer, gari zuri, anajua kuvaa. Aliingia sebuleni akasema, "Mambo vipi, uncle?"

Uncle hakumfukuza. Alimtazama, akaongeza sauti ya TV. Mambo yakaishia hapo.

Basi siku moja nikapigiwa simu na mzee mwenyewe.

"Kijana, Jumamosi njoo uwanjani tupige shabaha. Tuongee."

Akakata.

Wakuu, hiyo "tuongee" niliichambua kuliko thesis yangu. Mtu anayetaka kuongea anakuita nyumbani, mnakunywa chai. Kwa nini kwenye bunduki? Anataka nione anavyolenga? Na kwa nini alitangulia kusema tupige, ndipo akasema tuongee? Huo mpangilio una maana gani?

Nikamuuliza Neema. Akajibu, "Babe relax. He likes you. I think."

Hiyo "I think" ndiyo iliyoniua.

Nikaamua kujiandaa. Nilitazama video za bunduki mpaka simu ikaanza kuniletea matangazo ya mabuti ya kuwindia. Nilitaka niwe na msimamo, maana nimegundua wapenzi wa shabaha ni kama mashabiki wa mpira, kila mmoja ana timu yake. Kuna wa kitako cha mbao na wa kitako cha plastiki. Kuna wa darubini, na kuna wanaolenga kwa jicho tupu wakiwadharau wa darubini. Nikachagua timu ya darubini, kwa sababu inapunguza makosa. Hoja nikazipanga kichwani kabisa.

Na shikamoo nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kusimama haraka, kugeuka, kumtazama, kutamka. Nilitaka itoke yenyewe bila kufikiri.

Mtaona baadaye kwamba ilitoka.

Jumamosi mzee akatuma ujumbe kwamba amechelewa kutoka zamu, nitangulie na rafiki yake. Nikapokelewa Blacktown station na Papa Deo, Mkongo wa Uvira, anafanya kazi warehouse, mcheshi hana mfano. Yeye na mzee wanasali kanisa moja.

Njiani nikamuuliza anapenda bunduki ya aina gani, nikiwa tayari na hoja zangu.

"Mimi? Hata moja," akasema. "Mimi nakuja juu ya sausage. Za kwetu nilishaona bure, sasa nilipe feza nione tena?"

Kumbe kila Jumamosi anamsindikiza mzee, anakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, mgongo ukutani, anakula na kubishana na kila mtu. Bunduki hagusi.

Uwanja uko nje ya mji, upande wenye mashamba na miti mikavu. Msimamizi siku hiyo alikuwa mama mmoja wa Kizungu anaitwa Sharon, sauti kama kengele ya shule. Aliniweka chini ya uangalizi wake, akanifundisha taratibu za usalama. Kubwa kuliko zote, alirudia mpaka nikaiota: mtutu unatazama shabaha muda wote. Hata kama hakuna risasi. Hata ukiitwa jina. Hugeuki na bunduki, for anybody.

Nilimuuliza maswali mengi. Nikipiga chafya je? Nyuki akitua puani je? Sharon akaniambia hajawahi kupata mwanafunzi makini hivyo. Nikavimba kichwa kidogo.

Nikakaa kwenye benchi na bunduki ndogo ya point two-two. Earmuffs masikioni, mpira wa kitako begani. Nikavuta pumzi, nikaachia.

Wakuu, niseme kitu bila utani. Nilipopiga ile ya kwanza, kichwa changu kilinyamaza. Mnajua mtu kama mimi kichwa hakinyamazi, hata kanisani. Lakini pale unatazama kidoti cheusi, unapumua, unavuta kidole taratibu, na hakuna mahali pa kuweka wazo la pili. Nikaelewa kwa nini mzee anatoka zamu akiwa amechoka halafu anakuja huku badala ya kwenda kulala.

Nikapiga risasi zote nilizopewa. Kwenye karatasi matundu yalikuwa mengi kiasi cha kujivunia, mengine sijui yalikwenda mtaa gani.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, hata kupitia earmuffs:

"Hujambo, kijana?"

Mazoezi ya kioo yakafanya kazi yake.

Nikasimama haraka. Nikageuka. Nikamtazama. Bunduki mikononi.

"Shikamoo, mzee!"

Mtutu ulikuwa unamtazama tumboni.

Mzee Ndunguru, mtu aliyemkataa engineer kwa sababu ya "mambo vipi", alilala chini kwenye zege kama gunia lililokatika kamba. Sharon akapiga kelele, "CEASE FIRE! Downrange! Point it DOWNRANGE!" Mstari mzima ukasimama. Sharon akafika, akaushika mtutu, akaurudisha kwenye shabaha, akaninyang'anya, akakagua chemba.

Ilikuwa tupu. Nilijua ni tupu, nilishapiga zote. Lakini wakuu, hakuna mtu pale aliyekuwa na haja ya kusikia ninachokijua.

Halafu kutoka kwenye zege, shavu likiwa chini, sauti ikasema:

"Marahaba."

Nililelewa nikiambiwa neno hilo shikamoo asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Siku hiyo mkubwa ndiye aliyekuwa kwenye usawa wa miguu yangu.

Sharon akaniondoa mstarini kwa siku nzima. Hakunitukana. Alisema tu, "Mate, I told you. For anybody." Nilijaribu kumweleza kwamba yule si anybody, ni mzee. Akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

Nikapelekwa kukaa na Papa Deo kwenye viti vya nyuma. Alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, sausage bado mkononi.

"Ndunguru!" akaita. "Huyu kijana amekuja kuomba bibi ao amekuja kukamata mateka?" Bibi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mke.

Mzee akajipangusa vumbi magotini. Hakucheka.

"Mimi nilikimbia Uvira juu ya mambo kama haya," Papa Deo akaendelea. "Na hata kule hakuna mtu aliniamkia kwanza."

Basi tukakaa kunywa chai, watu wa klabu wakaendelea na ubishi wao wa kila wiki kama vile hakuna aliyenusurika kufa. Babu mmoja alikuwa na bunduki mpya, darubini ndefu, kitako kinachopanda, kinachoshuka, kinachosogea mbele na nyuma. Mzee Ndunguru akaipapasa ile mitambo yote.

"This is not a gun," akasema kwa Kiingereza chake cha Mbinga. "This is a hospital bed."

Wakacheka wote. Yake mwenyewe ni ya mbao, ya zamani, haina darubini. Analenga kwa jicho. Akasema ukiwa na darubini unaona hata mkono wako unavyotetemeka, halafu unaanza kuwaza badala ya kupiga.

Akanigeukia. "Wewe unapenda ipi?"

Hoja zangu zote za darubini zikafa hapo hapo. Nikasema, "Sijui, mzee."

Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu wiki ianze.

Alinirudisha station kwa gari lake. Hiyo "tuongee" haikutokea. Niliposhuka akasema tu, "Jumamosi nitakuwepo." Akaondoka.

Sasa niambieni. Nitakuwepo, kwa hiyo uje? Au nitakuwepo, kwa hiyo usije?

Neema akasema, "Just say sorry and move on." Nikamwandikia mzee ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta. Nikaandika mwingine wenye maelezo ya kitaalamu kuhusu chemba kuwa tupu. Nikaufuta huo haraka zaidi. Nikafikiria kuhamia Perth.

Papa Deo ndiye aliyenipigia. "Usipokuja, atasema unaogopa. Ukija na ukageuka tena, tutakuzika. Chagua."

Nilichokuwa nakiogopa hasa si Sharon wala aibu. Nilikuwa naogopa sheria mbili kugongana. Nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mkubwa akikusemesha ukiwa umempa mgongo, unageuka. Huendelei na shughuli yako kama vile amepita paka. Na pale uwanjani kugeuka ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Mzee akija tena nyuma yangu, na nilijua atakuja nyuma, nitamkosea heshima au nitamwelekezea mtutu?

Mtu mwenye akili timamu angeshaona jibu. Mimi lilinichukua mpaka Ijumaa.

Nikaenda.

Sharon akaniweka karibu yake kama mtoto mtundu wa dawati la mbele. Safari hii nikapiga nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Nilikuwa katikati ya risasi zangu, kichwa kimeshanyamaza, nikahisi mtu amesimama nyuma.

"Hujambo, kijana?"

Mwili mzima ulitaka kusimama. Misuli ya miguu ilishaanza, naapa.

Sikugeuka.

Nikafungua bolti, nikatoa risasi iliyokuwemo, nikailaza bunduki ikitazama mbele. Nikaondoa mikono. Halafu, nikiwa nimempa baba mkwe mtarajiwa mgongo wote na nyayo za viatu juu, nikaiambia shabaha:

"Shikamoo, mzee."

Kabla hajaitikia nikaona mambo mengi. Engineer na sauti ya TV. Mama yangu akiulizwa na majirani harusi imeishia wapi. Perth.

"Marahaba," akasema. "Maliza zako. Nakusubiri kwenye chai."

Nilipofika kwenye viti, mzee alikuwa peke yake, Papa Deo yuko kwenye foleni ya sausage. Hakugusia mgongo wangu. Alisema tu, "Yule engineer wa kwanza alinitazama usoni vizuri sana."

Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini aliniita huku na si nyumbani.

Akanishangaa. "Nyumbani? Mama Neema na mwanawe wanasikilizia mlangoni! Hapa kila mtu ameziba masikio."

Wakuu, wiki mbili. Wiki mbili nimetafuta maana ya kutishwa, kumbe mzee alikuwa anatafuta mahali penye kelele ya kutosha.

Nilikuwa na hotuba. Ina utangulizi, ina malengo ya miaka mitano. Nikaiacha. Nikasema, "Mzee, nataka kumuoa Neema."

Akanywa chai kwanza. Mstarini watu walikuwa wanapiga, pa, pa, pa.

"Tafuta mshenga," akasema. "Mtu mzima."

Nilichojifunza ni kidogo tu: heshima ya mtu ni pamoja na kutomlaza chini kwenye zege. Na ukiwaza sana kuhusu mtu, unaacha kumsikiliza. Mzee alisema "tuongee" akimaanisha tuongee.

Mliooa, niambieni mlipimwa wapi. Na wapenzi wa shabaha, timu mbao au timu darubini? Mimi nimeshahama timu, msinipotezee muda.

Mshenga nimeshampata na jana usiku nimemkabidhi kazi rasmi: ni Papa Deo. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Wajomba wa Neema wa Mbinga watakuwa kwenye video call, na nimeshawaonya mapema kwamba Papa Deo atakaposema nimekuja kuomba bibi, wasimwamshe bibi yao.