Ua Juu ya Mlango wa Kasri

Wenzake kazini walimwita Darubini. Jina lilitokana na enzi alipokuwa akisimama ukingoni mwa volkano iliyokufa, akinyoosha kidole chini kwenye shimo lake na kuwaonyesha wageni swala ambaye hata wenye kamera za maana hawakumpata. Ziara ilikuwa ileile miaka yote: asubuhi volkano, kabla mawingu hayajashuka, alasiri magofu ya kasri la kale, upande wa pili wa mlima. Jina lilibaki. Macho hayakubaki.

Daktari aliuita ugonjwa huo presha ya macho, akasema kilichopotea hakirudi. Kufikia mwaka huu Darubini aliona mwanga na vivuli, na watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu. Waliojua ni wawili tu: mkewe, na kaka wa mkewe, dereva wa basi dogo la kampuni. Dereva alitembea nyuma ya wageni akijifanya anawahimiza wasichelewe, na kila penye ngazi au shimo alikohoa.

"Siku moja watanilaza hospitali kwa ajili yako," alilalamika.

"Kohoa, shemeji. Ndiyo kazi pekee unayoiweza."

Kisha mgeni mmoja akampigia bosi simu, akacheka sana, akamwambia kwamba mwongozaji wake aliuaga mti akidhani ni mtu. Bosi, mama aliyeianzisha kampuni na gari moja bovu, naye alicheka. Lakini safari iliyofuata alisema atapanda nao.

Asubuhi hiyo mkewe Darubini alimkagua mlangoni, kola, vifungo, kamba za viatu.

"Usiongee sana leo, baba. Ukinogewa unajisahau."

"Nikinyamaza ndipo watakapojua."

Mkewe hakubisha. Mabinti wao wawili walikuwa bado wanasoma, na hapo nyumbani hapakuwa na mshahara mwingine.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wafanyakazi wa benki, wachangamfu, wengi wao na viatu visivyofaa. Volkano haikumsumbua. Njia ya juu ni ya kokoto, na pembeni ni majani. Mguu ukikosa sauti ya kokoto, unarudi. Ukingoni upepo ulimpiga usoni, naye akawasimamisha palepale panapotakiwa. Aliwaeleza jinsi moto ulivyozimika kabla ya binadamu wa kwanza kufika huko. Walipiga makofi. Darubini alishuka akiwa na moyo mwepesi.

Walipofika kwenye lango la magofu gurudumu lilikuwa limepata pancha. Dereva akabaki nyuma na jeki.

"Nisubiri," alimnong'oneza Darubini.

"Na bosi nimwambie nini? Kwamba nasubiri kikohozi?"

Langoni palikuwa na tangazo la mafundi wa ukarabati, lililobandikwa wiki hiyo. Wageni walilipita wakipiga soga. Darubini alilipita pia.

Alikuwa na mtindo wake ndani ya kasri, na wageni waliupenda: alisimama akiupa mgongo mlango mkuu, akanyoosha mkono juu ya bega bila kugeuka.

"Juu ya kichwa changu," alisema, "kuna ua. Limechongwa kwenye jiwe moja. Fundi wake hajulikani."

Mtu akacheka.

"Anatutania huyu!"

Darubini alikizoea kicheko. Akatabasamu, akaendelea. "Tazameni petali ya kushoto. Imemeguka kidogo. Wengine husema ni nyundo, mimi nasema ni mvua."

Sasa hakucheka mtu. Dada mmoja wa benki akasema taratibu, "Kaka, hapo pana mbao tu."

Jiwe lilikuwa limeteremshwa kwenda kukarabatiwa. Tangazo lilisema hivyo.

"Geuka utazame," bosi alisema.

Aligeuka. Aliinua uso, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mbao. Bosi akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye ukuta mfupi, kisha akawaongoza wageni mwenyewe, akiwasomea mabango.

Wakati wa kurudi bosi alikaa kiti cha pembeni ya Darubini.

"Tangu lini?"

"Muda."

"Umesimama na watu wangu pale juu, ukingoni, muda?"

"Hajaanguka mtu, mama."

"Angeanguka, ningekwenda kumwambia nini mamake?"

Swali hilo Darubini alikuwa ameshajiuliza. Aliomba kazi ya ofisini. Bosi alisema ofisini ni kusoma na kuandika kutwa, akasema pole, na alimaanisha. Dereva aliendesha bila kugeuza shingo, akijua zamu yake itafuata.

Haikufuata. Alipewa onyo, kisha akapewa mwongozaji mpya, msichana hodari anayepanda basi palepale ofisini. Siku za kwanza dereva aliendelea kupita kwa dada yake kila asubuhi, akanywa chai na kumsimulia shemeji yake habari za mlimani. Baadaye akawa anapiga honi tu barabarani. Mwishowe hata honi ikakoma; njia ile ya kupita kwa Darubini ilikuwa ya mzunguko, na wageni hawapendi kuchelewa.