Mkono Haujafika Sikioni

Baba yetu alikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni bega la kushoto, lililoharibika kwa kupiga kasia ziwani tangu ujana wake kule Nansio. La pili ni ubishi. Bega alilichua kila usiku. Ubishi hakuutafutia dawa, aliutafutia watu.

Na mwaka ule watu hawakutafutwa mbali. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu sisi tuzaliwe. Mtaani kwetu Kirumba, kila kibanda cha kinyozi kiligeuka bunge. Baba aliuza dagaa pale soko la Mwaloni, na siku nyingine hata kula mchana alisahau kwa sababu chakula kingemkatizia hoja.

Dada yangu aliurithi ule ugonjwa wa pili. Alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, nami nilimfuata kwa mwaka mmoja na kwa kila kitu kingine. Parokia yetu ikaandaa mdahalo wa vijana. Hoja: umri wa kupiga kura ushushwe kutoka miaka kumi na nane uwe kumi na sita. Wakagawanywa pande, dada akaangukia upande wa kupinga. Alirudi nyumbani amenuna.

"Yaani nisimame mbele za watu nijitukane mwenyewe?"

Baba alicheka mpaka akashika bega. "Hapo ndipo mbishi wa kweli anapojulikana, mama." Alimwita mama kwa sababu dada ana jina la bibi yetu. "Kutetea unachokipenda hata mlevi anaweza."

Basi kila jioni wakakaa uani, baba akimfundisha. Mama alikuwa pembeni akikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara tuliyoachiwa sisi wakati minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya. "Waambie mtoto ni mtoto," baba alisema. "Waambie leo anataka hiki, kesho anataka kile." Dada alisikiliza. Nami nilijiuliza, huyu mzee anayasikia maneno yake mwenyewe kweli?

Maana kulikuwa na mtu aliyemposa dada. Alikuwa wakala wa viwanda vya minofu, mtu mzima mwenye pikapu na boti mbili za injini. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, na akija hakuja na mapanki, alikuja na sangara mzima. Washenga wake walikuwa wameambiwa waje kupokea jibu Jumamosi ya baada ya mdahalo, na sote tulijua jibu ni ndiyo, baba alishawadokeza. Akiolewa, shule ndiyo basi tena. Dada alikuwa amelia chumbani, na mama akamwambia, "Nyamaza, msichana mkubwa halii." Kumuuliza hakuna aliyemuuliza. Kwetu binti haulizwi, baba ndiye anayejibu.

Cha ajabu, baba hakuona kitu. Alimaliza kumfundisha dada kwamba mtu wa miaka kumi na sita ni mtoto, kisha akageuka kushauriana na mama washenga wakae wapi.

Jumapili baada ya misa ya pili ukumbi ulifurika. Wazee walikaa mabenchi ya mbele, baba katikati yao na koti lake la mtumba. Mimi nilikuwa mtunza muda, nimepewa saa ya katekista na kengele ndogo, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Kijana mmoja kutoka Buswelu akafungua kwa upande wa kuunga mkono. Alikuwa na sauti, yule. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake!" Makofi yakalia. Dada akainuka taratibu.

"Ndugu mwenyekiti, ni kweli akili ni nywele. Ila msemaji aliyetangulia ndevu bado hazijamwota. Tumsubiri."

Loo! Ukumbi ulivunjika mbavu. Baba alijipiga paja, "Huyo wangu huyo!" Dada akaendelea na hoja zote za uani. Kwamba mtoto hununuliwa kwa kofia na tisheti. Kwamba humfuata mwenye gari zuri. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, midomo ikimchezacheza pamoja na ya dada, mwalimu kabisa.

Kisha dada akamtazama baba.

"Basi kama mtu wa miaka kumi na sita hana akili ya kumchagua mbunge, ambaye akimchosha atamwondoa baada ya miaka mitano, huyo mtu anawezaje kupewa mume, ambaye haondoki mpaka kifo?"

Midomo ya baba ikaacha kuchezacheza.

"Sheria ya nchi yetu inasema kura ni miaka kumi na nane. Nchi hiyohiyo inasema mvulana ataoa akifika kumi na nane, lakini msichana anaweza kuolewa na kumi na mitano, baba yake akiridhia. Nauliza wazee wangu. Mimi hapa ni mtoto, au ni mtu mzima? Maana nikiomba kura naambiwa mtoto. Nikiposwa naambiwa nimekua."

Muda wake ulikwisha hapo. Niliiona saa. Kengele nilikuwa nayo mkononi, na mkono ulikataa. Huyu niliyelala naye kitanda kimoja, tuliyegombania naye shuka, alikuwa ametoa wapi maneno hayo?

Dada akainua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, na hivyo ndivyo tulivyopimwa kuanza darasa la kwanza: mkono ukivuka kichwa ukashika sikio la upande wa pili, umekua. Usipofika, rudi nyumbani.

"Mara ya kwanza baba aliponipeleka shule, mkono wangu haukufika," alisema. "Nililia. Baba hakunigombeza, wala hakuuvuta mkono wangu ili ufike. Alinibeba mabegani, na bega lake lile bovu, akaniambia, shule haikimbii, mama, tutarudi mwakani. Leo namwomba baba yangu kitu kilekile. Asiuvute mkono wangu."

Akakaa. Nyuma kabisa bibi mmoja akapiga kigelegele, na hapo ndipo makofi yalipolipuka. Upande wa dada ulishinda. Baba hakupiga makofi. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nyumbani mama aliwaka. "Umemvua baba yako nguo mbele ya parokia nzima!"

"Nimesema alichonifundisha, mama."

Wiki ile baba hakubishana na mtu. Hata kwa kinyozi hakwenda, na hilo lilitutisha kuliko fimbo. Jioni moja nilimkuta uani peke yake kwenye kigoda. Alikuwa ameinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, analitafuta sikio la upande wa pili, uso umekunjamana kwa maumivu. Bega liligoma. Akaniona. "Unaangalia nini wewe? Nenda kachote maji!" Nilikimbia na ndoo, kumbe ilikuwa imejaa tayari.

Jumamosi washenga walikuja na pikapu, wazee watatu waliojisugua wakang'aa. Dada aliingia, akapiga magoti, "Shikamooni." Wakaitikia marahaba. Baba akakohoa.

"Mama, wageni hawa wamekuja kwa ajili yako. Wajibu mwenyewe."

Jambo hilo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu, wala kwa jirani yeyote. Mama alishika mlango. Mimi nilijiandaa kusikia hotuba nyingine, ndugu mwenyekiti na kila kitu. Dada aliinamisha kichwa.

"Baba, mimi bado mtoto. Nijibie wewe."

Mungu wangu. Baba alimtazama, kisha akawageukia wageni.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia. "Mkono wake haujafika sikioni. Na mimi sitauvuta."

Mkubwa wao akakunja uso. "Mzee, ulishatupa neno. Watu watasema nini?"

"Waambieni nimewageuka. Mkubwa jalala, taka zote leteni kwangu. Mtoto msimtaje."

Walipokwisha kuondoka, dada alikuwa bado amepiga magoti palepale. Akaanza kulia, kwa sauti, kamasi na yote, kitoto kabisa. Baba alikaa karibu naye akimshika kichwa, mama alisimama mlangoni, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.