Redio ya Ng'ambo ya Milima

Tak. Kama mtu amevunja kijiti kikavu. Halafu mvumo, shhhh, kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani peke yake. Ndivyo ile tyuna ilivyoamka mara ya kwanza kwenye kibanda cha fundi anayenifunza kazi, pale Nyabugogo, Kigali, na mpaka leo naisikia.

Ilitoka kwenye nyumba moja ya Kiyovu, wenyewe walikuwa wanahama. Tyuna ni redio isiyo na spika: kazi yake ni kukamata stesheni tu, sauti inaipelekea amplifaya. Siku hizi nani ataitaka? Fundi alinisukumia na vumbi lake.

"Chukua, mama ndoto. Ikikushinda, itafaa kuzuilia mlango."

Mimi nilishaanza kuota. Bibi yangu alikulia Bujumbura, na kwaya ya parokia yake iliimba redioni kila Jumapili. Tangu miguu imkatae, aliniomba kitu kimoja tu, asikie tena redio ya kule. Kwenye simu niliitafuta, haimo.

Shida ilikuwa stesheni moja ya Kigali iliyokaa karibu nayo kabisa kwenye mstari wa masafa, yenye nguvu, inayoifunika yote. Basi nikabandua filta za zamani, zile zinazotenganisha stesheni na stesheni, nikachomea nyingine zinazobana zaidi. Nikaiweka tyuna kando ya redio ya kibandani, nikawa nahamisha waya uleule wa antena, mara huku mara kule, nasikiliza ipi inatenganisha vizuri. Tyuna ilishinda. Sauti ilififia kidogo, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi, lakini yule jirani wa Kigali alinyamaza. Nyuma yake palikuwa patupu, Bujumbura haikusikika.

"Jirani umemfukuza," fundi akasema. "Sasa hii milima iliyoziba njia utaifukuza na filta gani?"

Wateja wakacheka, nikacheka nao.

Nikaipeleka nyumbani Kagugu, nikaiunga na amplifaya kuukuu, nikapandisha antena juu ya paa. Asubuhi moja yenye ukungu, mtu akasema ndani yake maneno machache ya Kirundi, wazi kabisa. Nikakimbia kumleta bibi. Nilipomfikisha, shhhh. Fundi aliniambia hewa ya ukungu huleta stesheni za mbali hivyo mara mojamoja, haipangiwi. Nilijaribu kila asubuhi ya ukungu iliyofuata. Bibi naye alikuwa anazidi kuisha, hata uji anaonja tu.

Jumapili moja mchana nikaihamishia tyuna na amplifaya yake karibu na kitanda chake, nikaiwasha. Tak. Mvumo. Bibi akafumba macho.

"Ndio hao," akasema.

"Unawasikia, bibi?"

"Nawasikia. Wanaimba vizuri. Sasa na wewe mwanangu upumzike, macho yako iko nyekundu."

Nilitaka kumwuliza wanaimba wimbo gani. Nikatazama nyuma ya tyuna. Waya wa antena ulikuwa bado unaning'inia dirishani, nilisahau kuuchomeka.

"Kweli wanaimba vizuri," nikamwambia.

Nikakaa naye, nimemshika mkono, tunasikiliza ule mvumo mpaka usingizi ukamchukua. Ndipo nikainuka, nikauvuta waya, nikauchomeka taratibu. Hakuna kilichobadilika. Nikapunguza sauti, mshale wa stesheni nikauacha palepale.