Blanketi Nililolipaka Mafuta

Mjukuu wangu ana cherehani. Kazi yake ni ya ofisini; kushona anashona kwa kujifurahisha tu, anaunga vipande vya vitenge mpaka vinakuwa blanketi zima. Juzi aliniuliza kama na sisi, enzi za Mjerumani, tulishona mablanketi ya viraka, na tulimaliza mangapi kwa mwaka. Yeye anamaliza manne. Nikamwambia nitamjibu nikikumbuka. Uongo, nilikuwa nakumbuka.

Mimi nilizaliwa Oldonyo Sambu, upande wa mlima usiopata mvua, kwa wafugaji. Nikaolewa kwa Wameru, upande huu wa migomba na maji, ambako hata lugha ilibidi nijifunze upya. Mwaka ninaousimulia mume wangu alichukuliwa kubeba mawe ya boma la Mjerumani, nikabaki na mama mkwe. Mama mkwe hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kunusa. Akinusa chungu anajua umechelewa kukitia maji. Lakini nisiende huko.

Kila Jumatano alasiri tulikwenda misheni, kwa mke wa mchungaji wa Kizungu. Sisi tulimwita Bibi. Alikuwa anapokea magunia ya vipande vya nguo kutoka kwao, akatufundisha kuviunga, chini tunatia amerikani, ile nguo nyeupe ya pamba, katikati matambara ya sufu. Alisema kwao wanawake hushona hivyo bila shida yoyote ya nguo, kwa raha tu, na wakishamaliza huandikiana barua kuambiana wamemaliza mangapi. Sisi tulicheka. Mtu aje atuambie anashona na hana baridi!

Tena alitaka naye awaandikie. Mwisho wa mwaka alikaa na daftari akauliza kila mmoja amemaliza mangapi. Hapo palikuwa na kazi. Kwetu wafugaji hatuhesabu ng'ombe kwa sauti, wala watoto, na Wameru nao hawakupenda vitu vinavyofunika watu vihesabiwe. Mmoja akasema anayo ya kutosha. Mwingine akasema Mungu anayajua. Bibi aliuma kalamu.

Mimi mwaka ule wote nilikuwa nashona moja tu, na nilikuwa na haraka nalo. Mama yangu kule Oldonyo Sambu alikuwa anaumwa kifua. Kaka yangu alipopita kuuza mbuzi alinieleza kwamba mama hawezi tena kujifunika ngozi. Ngozi ya ng'ombe ni nzito, ikilala kifuani pumzi haipandi. Akiiondoa, upepo wa kule unamtoboa. Analala ameketi, ameegemea ukuta. Na baridi ile kubwa ya katikati ya mwaka ilikuwa inakuja. Basi nikasema mama atapata kitu chepesi. Nilishona asubuhi kabla ya kwenda kukata majani, nilishona nikichunga chungu, na chungu kikaungua mara mbili na mama mkwe akanusa.

Kushona kwetu kulikuwa kwa ngozi. Unatoboa kwanza kwa msumari, ndipo unapitisha uzi wa mshipa. Bibi alinikataza mara nyingi kutoboa nguo kwa msumari, nikaacha. Lakini kuna jambo ambalo hakunikataza, kwa sababu hakuna mtu wa kwao angewaza kulifanya.

Ngozi ukishaishona haijawa nguo bado. Unaipaka mafuta ya kondoo, unaikanda kwa mikono siku mbili tatu, inalainika. Msichana anayempelekea mama yake ngozi isiyopakwa mafuta anamtukana. Blanketi langu lilipokwisha lilikuwa limekakamaa pale penye mishono, amerikani mpya unaijua ilivyo na wanga. Nikaona aibu. Nikapika mafuta ya mkia wa kondoo, nikachanganya na udongo mwekundu kidogo kama inavyofanywa kwa mtu unayemheshimu, nikapaka kote, nikakanda mpaka mikono ikaniuma. Likalainika kweli. Mama mkwe alinusa, akasema sasa linanuka kama nguo ya mtu.

Nikalibeba. Nililala Elerai kwa shangazi, kesho yake nikapanda kuzunguka mlima na upepo usoni. Mama nilimkuta ameketi vile vile alivyosema kaka, ukutani. Alikuwa amekonda hata shanga za shingoni zilikuwa zinamzunguka. Nikamfunika.

Alilivuta puani kwanza. Akalishika shika mishono. Nikamuuliza, "Yeyo, mama yangu, ni zito?"

"Si zito, mwanangu."

"Lina joto?"

"Lina joto. Nenda kapumzike, umetembea."

Nilikaa siku mbili. Kila nilipomtazama alikuwa amelishika kwa mikono yote miwili, nami nikafurahi, nikadhani analipenda. Nikarudi kwa mama mkwe kabla hajaanza maneno.

Kaka alikuja maharage yalipokuwa yanatoa maua. Nilimwona kwenye njia ya migomba na blanketi begani, nikajua. Aliniketisha, akaniambia mama ametutoka wiki iliyopita. Nikamuuliza kama alikuwa amejifunika. Kaka hakuwa mtu wa kuficha.

"Mafuta yaliganda kwa baridi," akasema. "Lilikuwa kama kulala chini ya tope. Alikuwa analiinua kwa mikono ili lisimguse kifua. Alisema usiambiwe."

Sikulia mbele yake. Nililichukua nikalifumua lote, kipande kwa kipande. Nikachemsha maji ya majivu, nikafua mara nne, rangi zikatoka, nyekundu ikawa kama ya nyama iliyochemshwa. Matambara ya ndani niliyaanika juani siku nyingi. Kisha nikakaa chini nikalishona upya, na sikupaka kitu.

Mwisho wa mwaka ndipo Bibi akafika kwangu na daftari lake. Nikasema moja. Jirani yangu, aliyekuwa hawezi kunyamaza, akadakia kwamba ni mawili, kwa sababu nimeshona, nikafumua, nikashona. Bibi akanitazama ajue ninasemaje. Nikamwambia aandike mawili, aondoke. Akafurahi. Akasema nimewapita wote, na kwamba barua itakwenda kwao na habari yangu ndani.

Siku ile ile jioni mvua ilinyesha na baridi ikashuka kutoka mlimani. Nililala, nikajifunika blanketi lile kwa mara ya kwanza. Halikunilemea hata kidogo. Niliweka mkono kifuani kuhakikisha kama lipo. Na joto likaja mara moja, miguuni kwanza, halafu likapanda, na mimi nimelala macho wazi nikilisikia linapanda.