Jana Ulikula na Nani?

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mganga wa zahanati huko Issenye. Niliamini kwamba habari zote za mgonjwa wa kifua kikuu zimo kwenye kadi yangu: uzito, makohozi, sindano. Muuguzi wetu, mama wa makamo, kila alipomchoma mtu sindano alimuuliza kwanza, "Jana ulikula na nani?"

Nilikereka. Foleni ilikuwa ndefu, na kadi haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Isitoshe, wanaume walionijibu "sijambo" kwa kila kitu, wakifika kwake wengine walilia. Nilimkemea aache kuwaliza wagonjwa wangu. Hakuacha.

Mwaka uliofuata nilianza kukohoa mimi. Nyumbani walinitengea sahani yangu, nikawa nakula nyuma ya ghala. Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, hadi zamu yangu ikafika.

"Dokta, jana ulikula na nani?"

"Nilikula ugali na samaki, mama. Nikamaliza wote."

Aliishusha sindano.

"Sikukuuliza ulikula nini."