Tairi Linacheza, Mume Wangu Anasema Ni Uendeshaji Wangu

Admin, naomba unifichie jina na picha, maana Tabora hapa tunajuana sana. Majina ya humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, tunaishi Isevya. Kazi yangu ni kupika chakula cha shughuli: harusi, hitima, maulidi, hata kipaimara kwa majirani zetu Wakristo. Masufuria nayabeba kwenye gari letu dogo la Kijerumani. Mume wangu ana duka la simu Gongoni. Si mlevi, hanipigi, watoto wanakula. Ila likija suala la gari, hashauriki kabisa.

Gari hili lilikuja na tairi za kufungwa kwa bolti. Yeye akataka rimu pana za kisasa, basi akatoa bolti zote akafungisha stadi, vile vyuma vinavyobaki vimechomoza, unavika tairi halafu unakaza na nati. Lilipendeza, sikatai. Kumbe si sisi tu tuliolipenda. Asubuhi moja tuliamka tukakuta tairi moja limeibwa, gari limekaa juu ya tofali. Akaapa kununua nati za loki, zile zisizofunguka bila kifunguo chake maalumu.

Dukani nilikuwepo. Muuzaji alimuuliza, "Bosi, matundu ya rimu zako ndani yakoje? Yamechongoka kama faneli au yamebonyea kama bakuli? Nati lazima ikae sawasawa na tundu lake."

Mume wangu akamtajia jina la gari.

"Jina la gari halitusaidii tena, ulishabadilisha stadi na rimu. Tuangalie kwanza."

Nikasema taratibu, "Baba Salma, si gari liko hapo nje? Tumwite akaangalie."

Akanigeukia mbele za watu. "Mama Salma, kwani hili gari limebadilishwa na nani? Mimi au wewe?" Akachagua nati nyeusi zenye kitako cha mviringo, yaani ile sehemu inayoingia kwenye tundu la rimu, kwa sababu zinang'aa. Muuzaji akafunga mzigo. Kifunguo chenyewe mume wangu akakitia kwenye funguo zake za duka. Nikamuuliza nikipata pancha njiani itakuwaje. Akajibu, "Utanipigia."

Basi nikapata harusi kwa familia moja ya wakulima, jirani na Kipalapala. Nyuma nimepakia pilau na kuku, pembeni yangu amekaa mama mkwe, alikuja kunisaidia kupakua. Tumetoka mjini tu, usukani ukaanza kutetemeka. Halafu nikasikia ko-ko-ko upande wa mama. Nikapunguza mwendo, nikaegesha. Nilivyoshuka nikashika tairi kwa mkono, jamani, likacheza! Nati zimelegea zote. Spana ya kawaida haishiki nati zile, na kifunguo kiko na mume wangu, na mume wangu siku hiyo yuko Nzega kufuata mzigo.

Nikampigia. Akasema, "Umepiga shimo wewe. Nisubiri."

Nisubiri! Bwana harusi anapiga simu, mama wa bibi harusi anapiga simu. Mama mkwe amekaa kwenye majani, kanga kichwani, anasema kwa sauti, "Huyu mtoto atatuua. Nati gani hizi za kufungwa mkewe asiweze kuzifungua?" Nilimpenda sana saa ile. Mwishowe wenye harusi wakaleta bajaji ikabeba masufuria. Chakula kilifika kimepoa, na mama wa bibi harusi aliniambia mbele ya wageni kwamba hataniita tena.

Mume wangu alipofika na kufungua tairi, matundu ya rimu yalikuwa yameliwa. Kitako cha nati ni mviringo, tundu ni faneli, vimegusana pembeni tu. Hata Salma wangu wa darasa la nne angeona. Yeye akakaza tena, akasema barabara mbaya na mimi sijui kuendesha.

Nyumbani nikamgeukia mama mkwe. "Mama, si ulikuwepo? Mwambie mwanao."

Mama akaangalia chini. "Mwanangu anayajua magari. Mimi niliona vumbi tu."

Hapo ndipo nilipoumia, kuliko hata ile aibu ya harusini.

Baadaye mume wangu akanunua nati nyingine, nzito zaidi, kitako kilekile cha mviringo. Nikamwomba tupeleke rimu gereji wapime, au arudishe bolti na rimu za zamani. Akasema, "Siku ukigusa nati zangu, urudi kwenu."

Sasa leo asubuhi. Mama mkwe alikuwa na miadi ya kliniki, nami nampeleka baada ya kuwashusha watoto shule. Nikasogeza gari mpaka getini, ile ko-ko-ko ikaanza tena. Mama akasimama mlangoni, akasikiliza. Akasema, "Mama Salma, leo nitapanda boda." Akaondoka, na wajukuu zake watatu wamekaa siti ya nyuma na mabegi yao.

Nikazima gari. Nikawashusha, nikawapeleka shule kwa miguu, tukachelewa. Kesho kutwa nina shughuli ya watu wengi na masufuria hayaendi kwa miguu. Mume wangu ameshapita hapa mchana, amekuta gari lipo. Ameuliza mara moja tu, "Umegoma?" Nimeendelea kuchambua mchele wa shughuli. Jioni atauliza tena.

Nyie mlioolewa, na nyie wanaume mnaojua magari, nisaidieni mawazo. Nimwite mjomba wake aje tukae kikao, au nichukue kile kifunguo akiwa amelala nipeleke gari gereji, nikirudishwa kwetu nirudishwe? Matusi sitaki, nimechoka. Nataka tu wanangu wapande gari lisilolia.